Kupima Umbali kati ya Nukta Mbili za Dunia kwa Programu

Ukichukua latitudo na longitudo za Dar es Salaam na za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukaziingiza katika kanuni ya haversini (kanuni ya kupima umbali juu ya tufe, itakayoelezwa katika hatua ya tatu), utapata kilomita 74.2. Ukiziingiza namba zilezile huku longitudo imetangulia mahali ilipotakiwa latitudo, utapata karibu kilomita 58. Programu haitatoa onyo lolote, na mtu asiyeijua njia hiyo ya bahari hataona ajabu, kwa kuwa kilomita 58 nazo zinaingia akilini. Ndiyo sababu mwongozo huu unayapa nafasi kubwa mambo yanayotangulia hesabu kuliko hesabu yenyewe. Kanuni haizidi mistari kumi. Makosa mengi niliyokesha nikiyatafuta yalikuwa yameshaingia kabla kanuni haijaguswa.

Mifano imeandikwa kwa Python, lakini anayetumia JavaScript, PHP au Kotlin ataifuata bila shida, kwa sababu vitendakazi vya sini, kosini na kipeuo cha pili vipo kote. Nukta za Dar es Salaam na Mji Mkongwe zimekadiriwa kwa tarakimu mbili za desimali ili msomaji aweze kuzikumbuka: Dar es Salaam ni -6.82 na 39.29, Mji Mkongwe ni -6.16 na 39.19.

Hatua ya kwanza: hakikisha namba ni za mahali unapopakusudia

Latitudo hupimwa kuanzia ikweta, kaskazini ikiwa chanya na kusini hasi; longitudo hupimwa kuanzia Greenwich, mashariki ikiwa chanya na magharibi hasi. Kwa hiyo Tanzania yote, pamoja na Rwanda na Burundi, ina latitudo hasi, ilhali Kenya, Uganda na Kongo zimekatwa na ikweta na zina nukta za aina zote mbili. Kistari hicho kidogo mbele ya namba ndicho kinachopotea kwa urahisi kuliko kitu kingine chochote. Nukta ya Dar es Salaam ikikosa kistari inahamia Ethiopia, kwenye nyanda za juu karibu na milima ya Bale, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka ilipo.

Kosa kubwa namna hiyo halina hatari, kwa sababu linajitangaza lenyewe. La hatari ni lile dogo. Kisumu iko kwenye latitudo -0.0917, yaani kusini kidogo tu ya ikweta. Ukiondoa kistari, nukta inasogea kaskazini kwa kilomita 20 na kuangukia kaunti ya Vihiga, ambako pia kuna barabara, maduka na wateja. Niliwahi kupewa jedwali la vituo vya kupokelea vifurushi ambalo mwandalizi wake alikuwa amefuta vistari vyote, akidhani ni alama zilizobaki baada ya kunakili orodha kutoka kwenye barua. Vituo vya Dar es Salaam na Morogoro tulivigundua siku hiyohiyo. Cha Kisumu kilikaa wiki mbili nzima, kwa kuwa mteja aliyezidishiwa kilomita 20 hulalamikia bei, halalamikii ramani.

Tangu hapo sipokei orodha yoyote bila kuipitisha kwenye kichujio cha mipaka ya nchi. Kwa Tanzania kichujio hiki kinatosha:

```python
def iko_tanzania(lat, lon):
    return -12.0 <= lat <= -0.9 and 29.0 <= lon <= 41.0
```

Mstatili huo unameza vipande vya nchi jirani na sehemu ya bahari, na hilo si tatizo. Kazi yake ni kukamata nukta zilizopotea kabisa, si kuamua mpaka. Kagua pia kwamba hakuna nukta yenye sifuri mbili. Visanduku vitupu vya jedwali hugeuzwa kuwa 0 na 0 na baadhi ya programu, na mahali hapo pako baharini katika Ghuba ya Guinea, magharibi mwa Afrika.

Huenda pia ukapewa nukta kwa digrii, dakika na sekunde, kama zinavyoandikwa kwenye ramani nyingi za karatasi. Dar es Salaam yetu ingeandikwa 6°49′12″ kusini na 39°17′24″ mashariki. Kugeuza ni rahisi: dakika hugawanywa kwa 60, sekunde kwa 3600, kisha vyote hujumlishwa na digrii. Mtego uko kwenye alama ya hasi. Anayeandika -6 + 49/60 + 12/3600 anapata -5.18, kwa sababu dakika zimejumlishwa kwenda juu badala ya kuongezwa upande wa kusini, na jiji linahamishiwa baharini kati ya Tanga na Pemba. Jumlisha kwanza, weka alama baadaye:

```python
def kwa_desimali(digrii, dakika, sekunde, upande):
    thamani = digrii + dakika / 60 + sekunde / 3600
    if upande in ("S", "W"):
        return -thamani
    return thamani
```

Herufi S na W ndizo zinazotumiwa na vifaa vya GPS kwa kusini na magharibi, na ninashauri zibaki hivyo hata kama programu yote ni ya Kiswahili. Kaskazini na kusini zote huanza na K, mashariki na magharibi zote huanza na M. Niliwahi kuona jedwali lililofupisha pande kwa herufi hizo, na hakukuwa na njia yoyote ya kulitafsiri isipokuwa kumpigia simu aliyeliandika.

Kuhusu idadi ya tarakimu, tano baada ya alama ya desimali zinatosha kwa karibu kila kazi ya kawaida, kwani tarakimu ya tano ni sawa na mita 1.1 hivi. Tarakimu nne ni mita 11, na mbili, kama nilizotumia hapa, ni zaidi ya kilomita moja. Simu ikikupa tarakimu kumi na nne usidhani imepima kwa usahihi huo. Ni namna kompyuta inavyoandika namba zake tu.

Kuna jambo moja la mwisho katika hatua hii ambalo huwakumba wanaoshughulika na hati za zamani za ardhi. Ramani nyingi za upimaji za Afrika Mashariki za karne iliyopita zilichorwa kwa mfumo wa rejea uitwao Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84. Namba zilezile katika mifumo hiyo miwili huonyesha sehemu zilizoachana kwa karibu mita 300. Kwa umbali wa Dar es Salaam hadi Mwanza hilo si kitu, lakini kwa umbali wa kiwanja hadi barabara ni jambo la kesi mahakamani, na ni lazima nukta zigeuzwe kwenda WGS 84 kabla ya kuendelea.

Hatua ya pili: amua mpangilio mmoja na uufunge

Ramani za simu huonyesha latitudo kwanza. Muundo wa GeoJSON, unaotumika kuhifadhi data za ramani, kwa kiwango chake rasmi cha mwaka 2016, huweka longitudo kwanza, na hifadhidata ya PostGIS hufanya vivyo hivyo kwa kuwa longitudo ni mhimili wa x na latitudo ni mhimili wa y. Hakuna upande ulio na makosa, na hakuna matumaini kwamba siku moja watapatana.

Uchunguzi wa kawaida, ule unaouliza kama latitudo iko kati ya -90 na 90, haumsaidii mtu wa Afrika Mashariki hata kidogo. Longitudo zetu ziko kati ya 29 na 42 hivi, na namba hizo ni latitudo halali kabisa. Dar es Salaam ikigeuzwa inakwenda magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Nukta zote mbili zikigeuzwa pamoja, programu inapima kwa uaminifu umbali kati ya sehemu mbili za Rasi ya Iberia, na ndiko zilikotoka zile kilomita 58 za mwanzo.

Dawa yake ni kutoruhusu namba tupu zitembee ndani ya programu. Zipe majina mara tu zinapoingia:

```python
from collections import namedtuple

Nukta = namedtuple("Nukta", ["lat", "lon"])

dar = Nukta(lat=-6.82, lon=39.29)
unguja = Nukta(lat=-6.16, lon=39.19)
```

Mpangilio ukishafungwa namna hii, geuza kule tu data inakoingia na inakotoka, kamwe usigeuze katikati.

Hatua ya tatu: andika kitendakazi chenyewe

Dunia ikichukuliwa kuwa tufe, njia fupi kati ya nukta mbili juu yake ni kipande cha duara kubwa, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia. Tunachotafuta ni pembe kati ya nukta hizo ukizitazama kutoka kitovuni. Pembe hiyo ikishapatikana, tunaizidisha kwa nusukipenyo cha dunia. Haversini ya pembe ni kipeo cha pili cha sini ya nusu yake. Mabaharia waliitumia kwa majedwali ya karatasi tangu karne ya 19, na jina lenyewe lilitungwa na James Inman, mwalimu wa ubaharia wa Uingereza, aliyelichapisha mwaka 1835.

```python
from math import radians, sin, cos, asin, sqrt

NUSUKIPENYO_KM = 6371.0088

def umbali_km(p, q):
    f1 = radians(p.lat)
    f2 = radians(q.lat)
    df = f2 - f1
    dl = radians(q.lon - p.lon)
    a = sin(df / 2) ** 2 + cos(f1) * cos(f2) * sin(dl / 2) ** 2
    return 2 * NUSUKIPENYO_KM * asin(sqrt(min(1.0, a)))
```

Mistari miwili ya kwanza ndani ya kitendakazi hugeuza digrii kuwa radiani, kwa kuwa sini na kosini za kompyuta hazielewi digrii. Ukisahau kugeuza, Dar es Salaam na Unguja zitaachana kwa zaidi ya kilomita 4,200, umbali ambao hakuna feri iliyokatiwa tiketi ya asubuhi ingeuweza. Kigeu a ndicho haversini ya pembe tunayoitafuta: sehemu yake ya kwanza ni mchango wa tofauti ya latitudo, na ya pili ni mchango wa tofauti ya longitudo, uliopunguzwa kwa kosini kwa sababu mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyoelekea ncha za dunia. Mstari wa mwisho huzuia a isizidi moja. Kwa nukta zilizo pande mbili kinyume za dunia, makosa madogo ya desimali yanaweza kuisukuma juu ya moja kidogo sana, na asin ingekataa kuendelea.

Vitabu vingine hutoa kanuni fupi zaidi inayotumia kosini kinyume, na kwa macho inapendeza. Siitumii. Nukta mbili zinapokaribiana mno, kosini ya pembe yao inakaribia moja kiasi kwamba kompyuta hushindwa kutofautisha sentimita chache, na nukta ikilinganishwa na yenyewe, matokeo huweza kuzidi moja kwa kiasi kidogo sana na programu ikaanguka kwa kosa. Kosa hilo lina tabia ya kutokea kwenye baadhi ya nukta tu, kwa hiyo unaweza kulipita katika majaribio yote na kukutana nalo siku ya kwanza ya kazi, dereva anapobonyeza kitufe akiwa amesimama mlangoni kwa mteja.

Hatua ya nne: jaribu kwa namba unazoweza kuzihesabu mwenyewe

Kujaribu kitendakazi kwa kulinganisha na tovuti nyingine ni jambo jema, lakini ni bora kuwa na namba zinazotokana na akili yako. Maili moja ya baharini ni mita 1,852, na ilichaguliwa ili ilingane na dakika moja ya latitudo. Tofauti ya latitudo kati ya Dar es Salaam na Mji Mkongwe ni digrii 0.66, yaani dakika 39.6. Zidisha 39.6 kwa 1.852, upate kilomita 73.3. Longitudo zinatofautiana kidogo tu, kwa hiyo jibu la 74.2 limekaa mahali pake, na kila nahodha wa jahazi angekubali.

Jaribio la pili ni kutoka nukta 0, 0 hadi 0, 90, ambalo ni robo ya mzunguko wa dunia kwenye ikweta. Kitendakazi chetu hutoa kilomita 10,007.6. Kukaribiana huko na elfu kumi si bahati: mwishoni mwa karne ya 18 Wafaransa waliifafanua mita kuwa sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta.

Ongeza safari moja ndefu inayovuka ikweta. Kutoka Mji Mkongwe hadi Muscat, kwa nukta 23.59 na 58.41, unatakiwa upate takriban kilomita 3,911. Jaribio hili ni muhimu kwa sababu latitudo moja ni hasi na nyingine ni chanya. Aliyeweka thamani kamili mahali fulani ili kuondoa alama za hasi, kwa kudhani kwamba umbali hauwezi kuwa hasi, atanaswa hapa. Mwisho, pima nukta kwa yenyewe uhakikishe unapata sifuri.

Hatua ya tano: njia ya mkato, na jinsi ikweta inavyoficha kosa lake

Kwa umbali mdogo, tuseme ndani ya mji mmoja, watu wengi huichukulia dunia kuwa bapa na kutumia kanuni ya Pithagorasi. Njia hiyo ni halali na ni ya haraka, mradi tofauti ya longitudo izidishwe kwa kosini ya latitudo:

```python
def umbali_bapa_km(p, q):
    kati = radians((p.lat + q.lat) / 2)
    y = (q.lat - p.lat) * 111.195
    x = (q.lon - p.lon) * 111.195 * cos(kati)
    return sqrt(x * x + y * y)
```

Hapa naomba msomaji atulie, kwa kuwa hili ni kosa linalotuhusu sisi zaidi ya wengine. Ukiiacha ile kosini ukiwa Dar es Salaam, utakosea kwa asilimia 0.7 tu upande wa mashariki na magharibi, kwani kosini ya digrii 6.8 ni 0.993. Ukiwa Nairobi au Kampala hutaona tofauti yoyote. Programu itajaribiwa miezi, itasifiwa, itakwenda sokoni. Kisha Mswahili wa Muscat ataipakua, na umbali wake wa mashariki na magharibi utakuwa mrefu kwa asilimia 9. Ndugu yake aliyeko London ataipakua vilevile, na kwake digrii moja ya longitudo ni takriban kilomita 69, wala si 111, hivyo kituo kilicho kilomita 7 upande wa mashariki kitaandikwa kuwa kiko kilomita 11. Aliyejifunzia kazi hii Ulaya huligundua kosa hilo siku ya kwanza, maana ramani yake yote inavutika. Sisi tunaoishi kando ya ikweta tunasamehewa na jiografia, na msamaha huo ndio unaotuponza. Kwa hiyo weka jaribio moja la kudumu lenye nukta mbili za London zenye latitudo ileile ya 51.5 na longitudo zilizoachana kwa 0.1, na udai jibu liwe karibu na kilomita 6.9.

Mimi mwenyewe nimeacha njia bapa kwa kazi nyingi. Kompyuta za leo hufanya hesabu ya haversini mamilioni ya mara kwa sekunde chache, na sioni sababu ya kubeba kanuni mbili pale moja inapotosha.

Hatua ya sita: amua kama tufe linatosha

Dunia si tufe kamili. Imebonyea kwenye ncha. Kwa WGS 84 nusukipenyo chake kwenye ikweta ni kilomita 6,378.137 na kwenye ncha ni kilomita 6,356.752, na ile 6,371 tuliyotumia ni wastani. Watu husema haversini hukosea kwa nusu asilimia, na kwa ujumla ni kweli, ila kwa eneo letu kosa hilo lina mwelekeo. Karibu na ikweta, haversini hurefusha safari ya kaskazini na kusini kwa takriban asilimia 0.56, na hufupisha safari ya mashariki na magharibi kwa asilimia 0.11. Safari yetu ya Dar es Salaam hadi Mji Mkongwe ni karibu yote ya kaskazini: tufe linasema kilomita 74.2, duaradufu, yaani umbo hilo lililobonyea, inasema 73.8. Tofauti ni karibu mita 400.

Kwa kupanga bei za vifurushi au kumwonyesha mteja duka lililo karibu, mita 400 katika kilomita 74 hazimdhuru mtu. Kwa upimaji wa ardhi, mipaka ya maeneo ya uvuvi au mikataba inayolipwa kwa mita, tumia duaradufu, na usiiandike mwenyewe. Kanuni ya Thaddeus Vincenty ya mwaka 1975 imenakiliwa sana, lakini huweza kuzunguka bila kufika jibu kwa nukta zilizo karibu kabisa na pande mbili kinyume za dunia. Charles Karney alichapisha mwaka 2013 njia isiyo na kasoro hiyo, na ndiyo inayotumiwa na maktaba ya geopy:

```python
from geopy.distance import geodesic

print(geodesic(dar, unguja).km)
```

Maktaba hiyo hutarajia latitudo kwanza, kwa hiyo Nukta yetu inaingia kama ilivyo. Usichanganye tu namba za njia hizi mbili ndani ya ripoti moja, kwani mhasibu mwenye macho makali ataona safari ileile ina urefu wa aina mbili na hutakuwa na maelezo mafupi ya kumpa.

Hatua ya saba: nukta zinapokuwa maelfu

Swali la kawaida zaidi si umbali kati ya nukta mbili bali ni maduka yapi yako ndani ya kilomita tano kutoka hapa nilipo. Ukiwa na maduka 300, pitia yote kwa haversini na usijisumbue. Yakifika laki mbili, chuja kwanza kwa mstatili: gawanya umbali unaoutaka kwa 110.5 upate digrii za latitudo, na kwa 110.5 mara kosini ya latitudo upate digrii za longitudo, kisha pima kwa haversini yale tu yaliyobaki ndani. Nimechagua 110.5 kwa makusudi, ikiwa chini kidogo ya urefu halisi wa digrii, ili mstatili uzidi duara kidogo na usimkate mtu aliye ukingoni.

Kama data iko kwenye PostgreSQL yenye PostGIS, iache hifadhidata ifanye kazi hiyo:

```sql
SELECT jina,
       ST_Distance(mahali,
         ST_SetSRID(ST_MakePoint(39.29, -6.82), 4326)::geography) AS mita
FROM maduka
WHERE ST_DWithin(mahali,
         ST_SetSRID(ST_MakePoint(39.29, -6.82), 4326)::geography, 5000)
ORDER BY mita;
```

Safu ya mahali iwe ya aina ya geography. Ikiwa ni geometry ya 4326 (namba ya mfumo wa WGS 84), jibu la ST_Distance hutoka kwa digrii, na utakuta maduka yote yako "mita" 0.03 kutoka kwako. Angalia pia kwamba longitudo imetangulia ndani ya ST_MakePoint, na kwamba kuchuja kumefanywa na ST_DWithin, ambayo hutumia faharasa. Kuandika ST_Distance iliyo chini ya 5000 hutoa maduka yaleyale, lakini hupima kila duka lililomo kwenye jedwali.

Hatua ya nane: uliza kama huu ndio umbali unaoutaka

Yote yaliyotangulia hupima mstari wa kunguru, yaani mstari ulionyooka usiojali barabara. Nairobi hadi Mombasa kwa mstari huo ni takriban kilomita 441, ilhali reli ya SGR iliyozinduliwa mwaka 2017 ina takriban kilomita 472 kati ya miji hiyo, tofauti ya asilimia 7 ambayo mtu angeweza kuivumilia kwa kuongeza kiwango cha kudumu juu ya kila safari. Usijiridhishe na mfano huo. Simama Kivukoni, Dar es Salaam, utazame Kigamboni: haversini itakuambia ni mita mia kadhaa, na macho yako yatakubali. Mwenye bodaboda aliyepewa kifurushi hicho ana njia mbili tu, apange foleni ya kivuko au azunguke kwa Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016, na njia hiyo ya pili ni kilomita kadhaa. Hakuna kiwango cha kudumu kinachoweza kugeuza mita mia kadhaa kuwa kilomita kadhaa bila kuharibu bei za Kinondoni na Temeke.

Kwa hiyo nitumiapo haversini katika programu za usafirishaji, huitumia kupunguza orodha: inaniachia madereva kumi walio karibu kati ya mia nne. Kisha hao kumi hupelekwa kwenye injini ya kutafuta njia, kama OSRM inayosoma barabara za OpenStreetMap, na bei hutokana na jibu la injini hiyo. Pale injini isipopatikana, kwa mfano intaneti inapokatika, weka ndani ya programu orodha fupi ya vizuizi vinavyojulikana, kama mkondo wa Kigamboni na ule wa Likoni kule Mombasa, na uzuie bei isitolewe kwa mstari ulionyooka pale mteja na dereva wanapokuwa ng'ambo mbili za maji.